Safu ya Sababu

Bồng Hạ, 12 Februari 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Mama hatujambo, ni cherehani tu inayokohoa. Ile keki ya mchele wa kunata tuliyokuwekea sikukuu ya mwaka mpya, Tết, tuliisubirisha siku kumi. Siku ya kumi na moja Mama aliinusa akasema, “Baba yako akija sasa atakula ukungu,” basi tukaikaanga tukaila sisi. Usihuzunike. Ilikuwa tamu.

Ulisema nikipata cheti cha Mwanafunzi Bora utakuja mwezi wa Juni na kukaa wiki mbili nzima. Nimeiandika ahadi hiyo ndani ya jalada la daftari langu la hisabati, ili nikichoka niione. Sasa sikia habari: nimechaguliwa kuingia Kikosi cha Nyota Nyekundu! Tuko wanane tu shule nzima. Tunavaa kitambaa chekundu mkononi na tunasimama langoni kuanzia saa moja kasorobo. Ngoma ya shule ikishapigwa, kila anayeingia tunamwandika, na darasa lake linakatwa alama. Jumatatu, mbele ya bendera, Mwalimu Tuyển, msimamizi wa kikosi, anasoma jumla. Darasa la mwisho linafagia uwanja na kuosha vyoo wiki nzima. Mwanakikosi akifanya kazi vizuri, daraja lake la tabia linapanda. Akimficha mtu, linashuka. Bila daraja la juu la tabia hakuna cheti, kwa hiyo unaona jinsi mambo yanavyokwenda vizuri.

Darasa letu, 8A, limepewa kukagua 8B. Unamkumbuka Thoa wa ng'ambo ya tuta la mto, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu? Mwaka huu yuko 8B. Jana alikuja akisukuma baiskeli, ngoma imekwisha kulia, suruali imelowa mpaka magotini. Nikamtania, “Umekuja na konokono nini?” Akacheka. “Konokono mwenyewe ndiye mimi. Niandike basi, mheshimiwa polisi.”

Nikamwandika, Baba. Nilimwandika kwa hati nzuri.

Mwanao akutiiye,
Hiên


Kituo cha mpakani, 24 Februari 1998

Hiên mwanangu,

Barua yako imenifikia leo asubuhi pamoja na gunia la chumvi. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Wenzangu wakaniuliza, “Khoát, umepandishwa cheo?” Nikawaambia, “Siyo mimi, ni binti yangu.”

Umefanya vyema kutomficha hata rafiki. Mtu anayesimama langoni lazima awe na jicho moja kwa wote. Endelea hivyo hivyo. Cheti kwanza, halafu Juni utanikuta nashuka kwenye basi. Mimi nimeshaanza kuhesabu.

Huku ni ukungu tu. Nimepewa mbwa mpya wa kumfundisha, mweusi tii, ndiyo maana tumemwita Mực, Wino. Ana akili, lakini alianza na kijana mmoja hapa, Tráng, mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Nitakueleza siku nyingine. Ndani ya bahasha nimekuwekea mwiba wa nungunungu, uutumie kushika nywele. Ni zawadi ya kazi yako nzuri. Ukiendelea, nitatafuta mwingine.

Msaidie mama yako kupiga pasi.

Baba yako,
Khoát


Bồng Hạ, 12 Machi 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa mwiba. Nimeuvaa, na wasichana wa darasa wanauonea wivu.

Manyunyu ya majira haya hayajakatika tangu uandike. Kuta zinatoa jasho, daftari zinajikunja, na Mama anakausha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Mwalimu Tuyển amesema daftari langu la kikosi ndilo safi kuliko yote, mistari imenyooka na hakuna mfuto hata mmoja. Alilionyesha kwa wengine. Nilifurahi sana.

Kuna jambo jingine, na sijui kama ni la kufurahi.

Thoa amechelewa mara saba. Mimi ndiye niliyeandika zote saba, na dakika zake: kumi na mbili, tisa, ishirini na moja, na kadhalika. Kwa ajili yake 8B wamekuwa wa mwisho wiki tatu mfululizo. Wakiosha vyoo wanampigia kelele, “Konokono! Njoo na ndoo!” Jina hilo walilisikia kwangu. Juma lililopita mwalimu wa darasa lao alimwandikisha karatasi ya kujikosoa, na Jumatatu Thoa akaisoma mbele ya bendera, shule nzima imepanga mistari, manyunyu yanatuangukia. Alisoma hivi: “Mimi, Thoa wa 8B, nimechelewa mara saba kwa sababu ya uvivu. Nimewaangusha wenzangu. Naahidi kujirekebisha.” Sauti haikutetemeka. Kuna mtu nyuma alisema, “Mama yake angemzaa mapema labda angewahi,” na mistari yote ikacheka. Mimi sikucheka, Baba, ila nilitazama viatu vyangu.

Jumanne ngoma ililia. Nilikuwa langoni na daftari. Nikamwona Thoa anatokea kwenye mteremko wa tuta, anaendesha kwa nguvu, amesimama juu ya kanyagio. Alikuwa karibu kabisa, kama kutoka dukani kwa Mama mpaka kisimani. Akaniona. Akashuka. Akageuza baiskeli akarudi alikotoka.

Nitakuambia ukweli. Nilifurahi, kwa sababu safu ya waliochelewa ilibaki nyeupe siku hiyo. Asiyekuja kabisa haandikwi na sisi, anaandikwa na mwalimu wa darasa. Leo ni siku ya tatu hajaja. 8B wanasema wiki hii huenda wakawa wa nne.

Mwanao,
Hiên


Kituo cha mpakani, 24 Machi 1998

Hiên mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na sasa nimeiweka chini ya kofia ili isiruke.

Nilikuahidi habari za Mực. Yule kijana Tráng alikuwa akimwita, na mbwa anachelewa, kwa sababu ni mdogo na kila kichaka kina harufu. Akifika, Tráng anampiga fimbo moja ya mgongo. “Ili ajue kuwahi,” anasema. Nilimuuliza, “Umempiga kwa kosa gani?” “Kuchelewa.” “Wewe unajua hivyo. Yeye anajua kwamba amekuja kwako akapigwa.” Sasa Mực hachelewi tena. Haji kabisa. Anakaa mbali, mita hamsini, anakutazama. Leo ni siku ya nne nimekaa kwenye majani yaliyolowa na kipande cha samaki mkavu kiganjani, simwiti, nangoja tu. Jana alisogea mpaka mita kumi.

Mtoto wa mtu si mbwa, usidhani nasema hivyo. Lakini barua yako imenipa dakika zote za Thoa na haijanipa sababu hata moja. Anafanya nini asubuhi? Kwa nini suruali imelowa mpaka magotini? Uvivu haulowanishi mtu. Nenda ng'ambo ya tuta ukamuulize.

Ila usiache masomo yalegee. Kumbuka cheti. Kumbuka Juni.

Baba yako,
Khoát


Bồng Hạ, 5 Aprili 1998, Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi na leo nimekwenda.

Nyumba yao iko kwenye ardhi ya mto, nje ya tuta, katikati ya miforosadi. Mama Thoa alinisimamisha mlangoni. “Umekula kitunguu saumu leo?” Nikasema hapana. “Umejipaka mafuta ya kunukia?” Hapana. “Basi ingia, mtoto wa fundi cherehani, lakini usiongee kwa nguvu. Hawa wanadeka kuliko maharusi.” Ndani kuna rafu za mianzi mpaka darini, na kila rafu ina nyungo za viwavi wa hariri. Nilidhani mvua kubwa imeanza nikatazama nje. Haikuwa mvua. Walikuwa wanakula.

Thoa alikuwa amechuchumaa na rundo la majani ya miforosadi, anafuta jani moja moja kwa kitambaa, mbele na nyuma. Hakuinua kichwa. “Umeleta daftari?” aliuliza. Nikasema sikuleta la kikosi. “Basi chukua kitambaa.”

Nikafuta. Baba, kiwavi akila jani lenye maji anaharisha, na siku ya pili ungo mzima umekufa. Majira ya manyunyu kila jani lina maji. Mama yake ana kifua, akilowa kidogo anakohoa mpaka anakaa chini, kwa hiyo Thoa ndiye anayechuma alfajiri, anafuta vikapu vinne, anawalisha, ndipo anapanda baiskeli. Nilimaliza kikapu kimoja, vidole vikafa ganzi.

Nilikuwa na karatasi niliyonakili tarehe zake. Mama Thoa akaziangalia, akaanza kucheka mpaka akakohoa. “Hebu tazama. Hizi siku ambazo hukumwandika, ndizo siku walipokuwa bado wadogo wasiokula sana, au siku walizolala.” Viwavi hulala mara nne kabla ya kusokota, na wakilala hawali. Zililingana zote, Baba. Binti huyo alikuwa anawahi kila viwavi walipomruhusu.

“Kwa nini hukuniambia?” nilimuuliza.

“Hukuniuliza.”

“Ungeweza kusema mwenyewe.”

“Nimwambie nani? Mwalimu wetu alisema nisilete visingizio, niandike sababu inayoeleweka. Uvivu unaeleweka haraka.” Akafuta jani lingine. “Nikirudi nitasimamishwa tena mbele ya bendera nisome karatasi ya utoro. Sisomi tena, Hiên. Hata wakinipa pipi.”

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia Mama. Katika daftari la kikosi kuna safu nne: jina, darasa, dakika, sababu. Sheria inasema tuulize kabla ya kuandika, na mwenye sababu ya haki hahesabiwi. Mimi siku ya kwanza nilipiga kistari kwenye safu ya sababu kwa kuwa Thoa alikuwa anacheka. Halafu nikaona kistari kinapendeza. Vistari saba, vyote vimenyooka. Ndiyo sababu daftari langu ni safi.

Nilimwendea Mwalimu Tuyển jana, kwa kuzungukazunguka. Nikamuuliza ikiwa mwanakikosi hakuuliza sababu, inakuwaje. Akasema, “Akikiri, maandishi yote ya mtu huyo yanafutwa. Karatasi ya kujikosoa inafutwa. Mtoto anarudi darasani kama hakukutokea kitu. Sheria inakata pande zote mbili, kwa hiyo mwanakikosi anavua kitambaa, na daraja lake la tabia linashuka. Kwa nini unauliza?” Nikasema nauliza tu. Akasema, “Una nafasi nzuri sana ya cheti, Hiên.”

Thoa amekosa siku ishirini na tatu. Akipita arobaini na tano, anaondolewa katika darasa la nane mwaka huu.

Nikikiri, anarudi, na cheti hakuna, na wewe huji. Tangu uondoke nimekuona mara mbili tu. Nisipokiri, naogopa kumaliza sentensi hii. Niambie nifanye nini, Baba. Lolote utakalosema nitalifanya siku hiyo hiyo. Nakungoja.

Hiên


Bồng Hạ, 25 Aprili 1998

Hiên,

Nimempa Mama akuletee karatasi hii kesho, nikishaondoka. Usikasirike kwamba sikuja kukuaga. Ningekuja ungelia, na mimi ningekosa basi, halafu ungeandika dakika. (Natania.)

Mjomba yuko Bảo Lộc, kule kusini, kwenye karakana ya nyuzi za hariri, na wanatafuta wasichana wenye vidole vyembamba wa kuvuta nyuzi. Nimesema ndiyo. Manyunyu yamekwisha, majani sasa yanakauka yenyewe, Mama ataweza peke yake.

Jumapili tatu ulizokuja kufuta nilikuona kila mara unataka kusema kitu, halafu unafuta jani. Mwanzoni nilidhani utasema. Baadaye niliacha kungoja, lakini nilifurahi ulikuja. Unafuta vibaya, unasahau upande wa chini. Mama alikuwa anarudia majani yako ukishaondoka. Nisamehe kukuambia.

Nimekosa siku arobaini na moja. Nilihesabu mwenyewe.

Thoa


Kituo cha mpakani, 16 Aprili 1998

Hiên mwanangu,

Barua yako imefika jana. Nakujibu leo, ila mlima umeporomoka juu ya barabara, na mchukua barua anasema hajui atapita lini. Nimemsihi. Nimempa hata viatu vyangu vya mpira.

Nenda ukakiri. Usimalize kusoma, nenda kwanza, ukirudi utasoma hapa chini.

Sasa sikiliza. Likizo yangu ya Juni ilitiwa sahihi tarehe ishirini na tano Januari. Iko kwenye sanduku langu, ina muhuri. Ningekuja ukiwa na cheti, ningekuja ukiwa wa mwisho darasani, ningekuja hata ungefukuzwa shule. Sikukuambia kwa sababu nilitaka ujitahidi. Nilijiona mwerevu. Nilisema moyoni, mtoto asipigwe, apewe kitu cha kukitamani, atakwenda mwenyewe. Miaka kumi na tatu nafanya kazi hiyo, mkono umefumba kitu, mnyama anautazama mkono. Nikasahau kwamba anayeutazama mkono haoni kingine chochote.

Niliposoma sentensi uliyoogopa kuimaliza, nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye nguzo ya mpaka na kurudi. Tráng alimpiga mbwa fimbo moja moja, nami nilimkemea. Wewe sikukugusa kamwe. Lakini nimekuweka langoni, rafiki yako upande mmoja na baba yako upande mwingine, nikakuambia chagua, na huku chaguo lenyewe halikuwepo.

Nisamehe ukiweza. Juni nitakuja.

Baba yako,
Khoát


Bồng Hạ, 4 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na sita ilifika Jumatano iliyopita, tarehe ishirini na tisa, imelowa pembe zote. Nilitii. Sikumaliza kusoma. Nilikimbia mpaka shuleni nikamkuta Mwalimu Tuyển anafunga ofisi, nikamwambia yote mlangoni. Thoa alikuwa ameshaondoka siku tatu nyuma.

Mwalimu alikaa kwenye ngazi. Alisema, “Ulinijia tarehe nne Aprili na swali lako. Nilijua unauliza kwa ajili ya nani. Nilipaswa kukushika mkono siku ile.” Kisha akasema, “Lakini daftari lako lilikuwa safi kiasi kile.” Akalifungua, akapiga mstari juu ya maandishi saba, mmoja mmoja. Hakuniambia nivue kitambaa. Nilivua mwenyewe.

Ulipoandika kwamba ungekuja tu, nilisoma mara moja nikaikunja barua. Siwezi kukuambia nilivyojisikia. Jioni Mama aliniuliza kwa nini sili, nikamwambia. Akasimamisha cherehani. “Mimi nilijua tangu Januari,” alisema. “Aliniambia nisikuambie. Nilidhani ni mchezo mzuri kati ya baba na mtoto.” Halafu akasema wali unapoa.

Leo, Jumatatu, Mwalimu alisoma alama za muhula mbele ya bendera. Alieleza kwamba 8B wamerudishiwa alama zilizokatwa kimakosa, kwa hiyo wamepanda kutoka nafasi ya mwisho hadi ya pili. Walipiga makofi, Baba. Waliruka na kukumbatiana. Mvulana mmoja alipiga mluzi. Nilikuwa nangoja mtu aulize ni alama za nani. Nilimtazama kila mmoja wao usoni. Hakuna aliyeuliza. Msichana aliyesimama kando ya nafasi tupu mstarini aliweka mkoba wake hapo ili apige makofi vizuri.

Leo ni siku ya arobaini na sita Thoa hayupo.

Barabara isipofungwa tena utaipata barua hii. Uje Juni. Nataka uje. Ila nilikuwa nimejiwekea maneno mengi ya kukuambia siku utakayoshuka kwenye basi, na sasa sijui yamekwenda wapi.

Hiên


Bồng Hạ, 21 Juni 1998

Thoa mpendwa,

Nimepata anwani kwa mama yako. Hii ni barua ya tatu kuandika, mbili nimezichana kwa sababu zilikuwa zinaomba msamaha kurasa nzima na zilichosha hata mimi. Nitasema mara moja: nilikuwa na maneno ya kukurudisha na nikayashikilia wiki tatu na nusu, kwa kumngoja baba yangu aniambie ninachokijua. Umeona, hata sasa imekuwa ndefu.

Baba alikuja tarehe kumi na mbili. Amekonda na ana mvi hapa kwenye masikio. Siku tatu za kwanza tulizungumza habari za bei ya mchele. Siku ya nne aliniambia nimpeleke kwenu. Alisimama mlangoni, ameshika kofia, akamwambia mama yako, “Shemeji, katika jambo la Thoa nami nina kosa langu.” Mama yako akamwambia, “Mwanajeshi, umekula kitunguu saumu?” Akasema ndiyo. “Basi maneno yako yaseme hukohuko nje, na ukimaliza nitengenezee rafu ile.” Alitengeneza rafu tatu na kubadilisha kamba za mlango. Walizungumza sana lakini mimi nilitumwa kisimani. Tulipokuwa tunarudi, juu ya tuta akaniuliza, “Bado unataka nikuandikie?” Nikasema nataka, lakini asiniahidi kitu. Akasema sawa. Nilishika mkono wake kidogo, kwa sababu kulikuwa na utelezi.

Mama yako anakohoa kidogo tu sasa. Nakwenda Jumapili. Siku hizi nafuta pande zote mbili hata kama jani ni kavu, ananicheka.

Sasa sikiliza vizuri. Mwalimu Tuyển anasema Septemba unaweza kuanza tena darasa la nane. Inatakiwa cheti cha kuzaliwa tu na mzazi kuja kutia sahihi. Hakuna kusoma chochote mbele ya bendera. Nilimwomba aandike, akaandika, nimeiweka ndani ya bahasha hii, ina sahihi yake. Utakuwa nyuma yangu darasa moja, lakini dawati langu la nyumbani ni pana, na nimekuwekea daftari zangu zote za mwaka huu. Sikupata cheti. Wala sikihitaji.

Mama yako anasema hawezi kukulazimisha urudi wala ubaki. Mimi pia siwezi. Naomba tu.

Hiên


Bảo Lộc, 12 Julai 1998

Hiên,

Barua yako ilifika ikinukia pasi ya mama yako. Nimeisoma chooni kwa sababu ndiko kuna nafasi.

Huku tunakaa mbele ya masufuria ya maji moto, vifukofuko walivyosokota viwavi vinaelea, tunatafuta ncha ya uzi kwa vidole. Usiku vidole vyangu ni vyeupe na vina mikunjo kama vya bibi. Harufu yake usiulize. Wasichana ni wazuri, wanacheka sana. Wananiita Kaskazini, kwa sababu ya ninavyotamka.

Kengele inalia saa kumi na mbili kamili. Anayechelewa anawekwa kwenye sufuria la mwisho, karibu na tanuri, siku nzima. Asiyechelewa mwezi mzima anapewa kipande cha sabuni ya kunukia. Mimi ninavyo viwili, kimoja nitamletea Mama, ingawa viwavi hawatamruhusu kukitumia.

Kuhusu Septemba, sijui. Mjomba amesema nikiondoka kabla ya Tết nafasi yangu atapewa mwingine, na Mama anahitaji dawa. Karatasi ya Mwalimu nimeishonea ndani ya mfuko wa koti. Usiniulize kila barua. Mliishia wapi kwenye jometri? Mimi niliishia kwenye pembetatu zinazofanana, ile kanuni ya pili. Ninakilie zilizobaki, lakini uandike kubwa, mvuke wa huku unafuta wino.

Kwa zile rafu, baba yako ndiye amshukuru mama yangu, siyo mama yangu amshukuru yeye. Mwambie hivyo, atacheka.

Na Mwalimu Tuyển akiniulizia, mwambie tangu nifike hapa sijachelewa hata siku moja.

Thoa